Sura ya Sita: Shahada ya Marekani Bila Kuondoka Haydom

Frederick Sumaye aliwakilisha Hanang bungeni kwa miaka 20, na kumi ya mwisho kati ya hiyo alikuwa Waziri Mkuu. Alipoachia madaraka mwishoni mwa mwaka 2005 hakukaa kitako. Akiwa ameshapita miaka 55 alikwenda Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kusomea shahada ya uzamili ya utawala wa umma. Naanza naye kwa sababu mbili. Kwanza, ni mtoto wa wilaya hii, na msomaji wa Katesh anayedhani umri wa kukaa darasani umempita ana mtu wa karibu wa kumtazama. Pili, safari yake inaonyesha njia ilivyokuwa siku zote: viza, tiketi ya ndege, pango la nyumba ugenini, na ada ambayo mwalimu wa sekondari hawezi kuimaliza hata auze ng'ombe wa ukoo mzima.

Njia ile ingalipo, ila imepata mwenzake. Mwaka 2009 mkongo wa Seacom ulifika Dar es Salaam kwa kupita chini ya bahari, mwaka uliofuata ukaja wa EASSy, kisha Mkongo wa Taifa ukatambaa mikoani na minara ya simu ikasimama hata vijijini. Leo muuguzi wa Haydom anaweza kuwa mwanafunzi wa chuo cha California na usiku huohuo akaingia zamu wodini. Maswali yanayobaki ni matatu: chuo kipi, kwa shilingi ngapi, na cheti chake kitapokelewaje na mwajiri wa hapa nyumbani. Hilo la tatu ndilo watu hulisahau, na ndilo linalowaumiza baadaye.

Tuondoe kwanza dharau moja. Wapo wanaoamini kwamba elimu ya mbali ni elimu ya waliokosa nafasi. Chuo Kikuu cha London kilianza kutahini wanafunzi wa nje mwaka 1858. Nelson Mandela alisoma sheria kwa njia ya posta akiwa gerezani, na shahada yake ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini aliipata mwaka 1989 kabla hajaachiwa. Hapa kwetu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 kikaanza kufundisha mwaka 1994, na wahitimu wake wamejaa shuleni, mahakamani na katika halmashauri zetu. Tofauti kati ya shahada ya mbali iliyo nzuri na iliyo mbaya ni moja: je, kuna mwenye mamlaka aliyekikagua chuo?

Nani humkagua nani

Watanzania tumezoea mfumo wenye mlango mmoja. Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, ndiyo inayokiruhusu chuo kufundisha. Marekani haiko hivyo. Wizara ya Elimu ya huko haikipi ithibati chuo chochote. Kazi hiyo hufanywa na mashirika yasiyo ya serikali, na wizara hukaa juu yake ikiyatambua mashirika yenyewe. Liko pia baraza liitwalo CHEA, lililoundwa mwaka 1996, ambalo nalo huyatambua mashirika hayo kwa vigezo vyake. Kwa hiyo chuo kikijitangaza kwamba kina ithibati, bado hujaambiwa kitu. Uliza ithibati hiyo imetolewa na nani, kisha uulize huyo aliyeitoa anatambuliwa na nani.

Mashirika yenye heshima kubwa ni yale yaliyogawana nchi kwa kanda tangu zamani: Middle States, New England, Northwest, Higher Learning Commission ya majimbo ya kati, SACSCOC ya kusini na WSCUC ya magharibi. Mwaka 2020 wizara iliondoa mipaka hiyo ya kanda katika kanuni zake, lakini waajiri na vyuo bado huyatazama majina hayo kwa jicho lilelile. Kando yake lipo DEAC, lililoanza mwaka 1926 kwa ajili ya shule za posta na leo linakagua vyuo vya masomo ya mbali. DEAC ni shirika halali, linatambuliwa na wizara na CHEA. Hata hivyo, viko vyuo vya Marekani vinavyosita kupokea masomo yaliyofanywa kwenye chuo chenye ithibati ya DEAC pekee, na anayekusudia kufika uzamivu ni vizuri alijue hilo kabla ya somo la kwanza.

Uhakiki wenyewe hauna gharama. Wizara ya Elimu ya Marekani ina hifadhidata iitwayo DAPIP, iliyo wazi kwa mtu yeyote mwenye simu. Andika jina la chuo, usome shirika lililokipa ithibati, tarehe ilipoanza, na kama ingali hai. Kisha linganisha anwani ya tovuti iliyoandikwa mle na ile uliyotumiwa. Usitosheke na jina, kwa sababu matapeli huishi kwa kufananisha majina: huongeza silabi, au hugeuza herufi moja ya jina la chuo kinachojulikana dunia nzima. Usitosheke pia na anwani inayoishia na edu. Ni kweli tangu mwaka 2001 anwani hizo hupewa vyuo vyenye ithibati inayotambuliwa, lakini waliokuwa nazo kabla ya hapo waliachiwa, na baadhi yao hawakustahili. Tena usifanye uhakiki mara moja ukasahau. Shirika la ACICS, lililokuwa limevipa ithibati vyuo vingi vya biashara, lilipoteza utambuzi wa wizara mwaka 2022, na vyuo vyake vikalazimika kutafuta mwingine wa kuvikagua. Rudia kila mwaka kabla ya kulipa.

Mnunuzi makini katika mnada wa Katesh hutazama chapa na kibali cha ng'ombe kabla ya kuuliza bei, kwa kuwa ng'ombe wa wizi ni ghali hata akiuzwa kwa nusu. Ndivyo ilivyo kwa shahada. Mwezi Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistani, iliyokuwa ikiendesha mamia ya tovuti za vyuo visivyokuwapo, vingi vikijiita vya Kimarekani. Kampuni hiyo ilikuwa imebuni hata mashirika ya ithibati, ili mteja anayejaribu kuhakiki ajikute anahakikiwa na mtu yuleyule anayemuuzia. Dalili za biashara ya namna hii hazijabadilika. Wanakuuzia shahada nzima kwa bei moja badala ya kulipisha kwa somo. Wanakupa shahada kwa uzoefu wako wa maisha bila mtihani. Wanakupigia simu kila siku na kukupunguzia bei kadiri unavyosita. Wanakuuliza tarehe gani ungependa iandikwe kwenye cheti.

Tanzania tunajua madhara ya cheti cha uongo. Tarehe 28 Aprili 2017, Rais John Magufuli alikabidhiwa Dodoma orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Vile vilikuwa vyeti vya sekondari na ualimu, si shahada za Marekani, lakini lililotokea linamhusu kila anayesoma sura hii: mtu aliyefanya kazi miaka mingi alipoteza ajira kwa karatasi moja.

Meza ya pili

Ithibati ya Marekani ni nusu ya kazi. Nusu ya pili iko Dar es Salaam na Dodoma, kwenye ofisi za TCU. Shahada yoyote ya nje inayotarajiwa kutumika katika ajira ya umma au kuendelea na masomo nchini hupelekwa kwa tume hiyo ili itambuliwe. Hawatazami cheti cha mwisho peke yake. Wanataka kujua kama chuo kinatambuliwa kwao, na wanataka pia kuona vyeti vyako vya sekondari, kwa maana ya sifa ulizoingia nazo.

Hapo ndipo kuna mtego ambao mawakala hawausemi. Chuo cha Marekani kinaweza kumpokea mhitimu wa kidato cha nne, kwa kuwa kwao kinachotakiwa ni kumaliza sekondari. Nchini kwetu njia ya shahada ya kwanza hupitia kidato cha sita chenye ufaulu unaotakiwa, au stashahada, au programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Ukiruka daraja hilo kwa sababu Marekani wamekuruhusu, huna uhakika kwamba utakaporudi kwa TCU watakuelewa. Ushauri wangu kwa kijana mwenye kidato cha nne pekee ni kwamba amalize kwanza stashahada kwenye chuo kinachosimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, hata ikimchukua miaka miwili au mitatu. Stashahada hiyo itakuwa na kazi mbili: itamfungulia mlango wa nyumbani, na huenda ikampunguzia idadi ya masomo ya kulipia Marekani.

Fani nayo ni jambo la kupima kwa uzito. Uuguzi, udaktari, sheria na uhandisi vina mabaraza na bodi zake, na leseni hutolewa kwa mafunzo ya vitendo yanayokaguliwa. Muuguzi wa stashahada pale Haydom au Dareda anayetaka shahada ya uuguzi ataona matangazo mengi ya programu za Marekani za kupandisha wauguzi. Karibu zote zinadai leseni hai ya uuguzi ya Marekani, ambayo yeye hana. Ataona pia shahada za sayansi ya afya zinazopokea mtu yeyote. Hizo zinaweza kumfaa katika uratibu wa miradi au afya ya jamii, lakini hazimpandishi daraja la uuguzi. Kwake naamini chuo cha Tanzania ni bora kuliko cha Marekani, hata kama cha Marekani kingekuwa bure.

Wanaonufaika ni wengine. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955, imekuwa kituo cha utafiti kwa miaka mingi. Ilikuwa kituo cha Tanzania katika utafiti wa MAL-ED, uliofuatilia magonjwa ya kuhara na utapiamlo wa watoto katika nchi nane. Utafiti wa namna hiyo unahitaji watu wa takwimu, watu wa kompyuta, wahasibu wa fedha za wafadhili, waratibu. Mtu wa kada hizo, mwenye kazi tayari na anayehitaji kupanda, akishika shahada ya kompyuta au ya biashara yenye ithibati ya Marekani, washirika wa ng'ambo wataisoma bila kuuliza. Kadhalika kijana wa Katesh anayeandika programu za simu na kuuza kazi yake nje kwa njia ya mtandao. Hao ndio ninaowaandikia hasa.

Kabla ya kulipa hata senti, waandikie TCU barua pepe. Taja chuo, taja programu, taja kwamba utasoma kwa mtandao ukiwa Tanzania, uliza kama shahada hiyo itatambuliwa. Jibu watakalokupa lihifadhi kwa maandishi. Jibu la mdomo halitakusaidia miaka minne baadaye, wakati ofisa aliyekujibu ameshahamishwa.

Vyuo na hesabu ya shilingi

Chuo kinachotajwa zaidi na vijana wa Afrika Mashariki ni University of the People, kilichoanzishwa mwaka 2009 na mfanyabiashara Shai Reshef. Kilipata ithibati ya DEAC mwaka 2014, na baadaye kikaingia kwenye mchakato wa WSCUC. Wewe thibitisha hali yake ya sasa kwa njia niliyoeleza. Kinajitangaza kuwa hakina ada ya masomo, na hilo ni kweli kwa sehemu. Unalipa dola 60 za maombi, kisha unalipia tathmini ya kila somo, zaidi ya dola 100 kwa somo moja la shahada ya kwanza. Shahada nzima ni kama masomo 40.

Tufanye hesabu kwa dola 160 kwa somo, na dola moja kwa shilingi 2,500. Somo moja ni shilingi 400,000. Masomo 40 ni shilingi milioni 16. Ukisoma masomo manane kwa mwaka, utamaliza kwa miaka mitano ukilipa milioni 3.2 kila mwaka. Fedha hizo si kidogo kwa familia ya Mbulu, lakini namna ya kulipa ndiyo inayofanya jambo liwezekane. Hulipi kwa mwaka, unalipa kwa somo. Anayelima kitunguu saumu Mbulu, au ngano na dengu upande wa Basotu, hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Fedha humjia mavuno yakiuzwa na hukauka miezi ya palizi. Chuo kinachodai ada ya mwaka mzima mwezi Septemba kitamfukuza, na kinacholipisha kwa somo kitamruhusu achukue mawili baada ya mavuno na moja au hakuna wakati wa kupanda. Kwangu mimi hicho ndicho kigezo cha kwanza cha unafuu kwa mkulima, kuliko jumla ya bei yenyewe.

BYU-Pathway Worldwide ni njia nyingine, yenye ada inayopangwa kulingana na nchi anakoishi mwanafunzi, na kwa Afrika imeshushwa sana. Shahada hutolewa na BYU-Idaho, chenye ithibati ya shirika la Northwest, au na Ensign College. Ni mpango wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Si lazima uwe muumini wao, ila masomo ya dini yamo ndani na kanuni zao za mwenendo lazima uzifuate. Mkatoliki au Mlutheri wa Mbulu aamue akijua hivyo tangu mwanzo.

Kwa mwenye masomo mengi yaliyotapakaa, viko vyuo vitatu vya Marekani vilivyoundwa miaka ya mwanzo ya 1970 kwa ajili ya watu wazima: Excelsior cha New York, Thomas Edison cha New Jersey na Charter Oak cha Connecticut. Sifa yao ni kupokea kwa wingi masomo yaliyofanywa kwingine. Stashahada ya Tanzania hupelekwa kwanza kwa shirika la kutathmini vyeti, kama vile WES, nalo hueleza ina thamani ya masomo mangapi ya Kimarekani. Tathmini hulipiwa, lakini ukikumbuka kwamba kila somo linalopokelewa linaweza kuokoa laki kadhaa, ni fedha iliyotumika vizuri. Pata jibu la chuo kuhusu masomo yatakayopokelewa kabla hujajiandikisha, si baada.

Mwenye shahada ya kwanza tayari ana uchaguzi mzuri kuliko wote. Georgia Tech ilianza mwaka 2014 kutoa kwa mtandao shahada ya uzamili ya kompyuta ambayo jumla yake ni kama dola 7,000, na cheti chake ni kilekile wanachopewa waliokaa Atlanta. Ni ngumu, na wanaoanza bila msingi wa hesabu huachia njiani. Lakini kwa mhitimu wa kompyuta wa Dar es Salaam au Dodoma aliyerudi kufanya kazi Babati, sijui fedha yoyote ya elimu inayolipa zaidi ya hiyo.

Anayetaka ithibati ya Marekani pamoja na darasa na walimu ana kwa ana aitazame Nairobi. USIU-Africa, kilichopo tangu mwaka 1969, kina ithibati ya WSCUC na pia hati ya serikali ya Kenya. Huko Kigali, tangu mwaka 2013, Kepler walianza kuwapa vijana wa Rwanda, na baadaye wakimbizi wa kambi ya Kiziba, shahada za Southern New Hampshire University huku wakiwa na walimu wa kuwasaidia papo hapo. Mfano wa Kigali umenifundisha kuliko takwimu yoyote: kusoma kwa mtandao kunahitaji watu karibu nawe. Wanafunzi watatu wa Haydom wanaokutana kila Jumamosi watafika mbali kuliko wale tisa walio kila mmoja chumbani kwake.

Usihesabu mikopo. Mikopo ya serikali ya Marekani ni ya raia na wakazi wao halali, na Bodi ya Mikopo yetu huhudumia hasa wanafunzi wa vyuo vya nchini. Na asikudanganye mtu: shahada ya mtandaoni haina viza ndani yake. Wakala anayesema utaanza Katesh na kumalizia New York anakuuzia kitu ambacho hana.

Yapo na matumizi mengine ambayo chuo hakiyaandiki. Bando, kwanza, na hasa siku za mitihani inayosimamiwa kwa kamera, ambapo mtandao ukikatika unaweza kufutiwa mtihani. Kompyuta mpakato, kwa sababu simu haitoshi kuandika makala ya kurasa kumi. Betri au sola ya kukuvusha umeme ukikatika. Jaribio la Kiingereza, ambapo Duolingo English Test hugharimu chini ya dola 100 na hufanyika nyumbani. Na tofauti ya saa: kazi inayotakiwa New York Jumapili usiku kabla ya saa sita, kwako mwisho wake ni Jumatatu asubuhi, karibu saa mbili majira yao ya baridi na karibu saa moja majira ya joto. Wao husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, sisi hatusogezi, na wiki hizo mbili ndizo watu hukosa kukabidhi kazi.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilishuka juu ya Katesh na vijiji vya jirani, likaua watu na kuzoa nyumba na kila kilichokuwamo. Maafa ya namna hiyo hayasubiri muhula uishe. Kwa hiyo uliza chuo, kabla ya kujiunga, kama kinaruhusu likizo ya masomo bila adhabu, na kwa muda gani. Piga picha safi za vyeti vyote, cha kuzaliwa, vya sekondari, vya stashahada, uzihifadhi mtandaoni na nakala nyingine kwa ndugu anayeishi wilaya tofauti. Na ukikaribia kumaliza, lipa deni lolote lililobaki hata likiwa la dola tano, kwa maana viko vyuo vinavyozuia matokeo ya mwenye deni, na TCU watayahitaji yakiwa kamili.